Sodo ya Kitambaa: Funzo kutoka kwa Jirani Zetu

Mwezi wa Septemba mwaka 2019, katika kaunti ya Bomet nchini Kenya, msichana wa umri wa miaka 14 alipatwa na hedhi akiwa darasani. Hakuwa na kitu cha kujistiri. Kwa maelezo ambayo mama yake aliyatoa kwa waandishi wa habari, mtoto huyo aliambiwa na mwalimu kuwa ni mchafu, akaamriwa atoke nje. Alirudi nyumbani, akamsimulia mama yake yaliyompata, kisha akajitoa uhai. Siku chache baadaye wazazi walikusanyika shuleni wakidai hatua zichukuliwe, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi.

Msiba huo ulitokea katika nchi ambayo tayari ilikuwa na sheria juu ya jambo hilo. Mwezi wa Juni mwaka 2017, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametia saini marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi, yaliyoiwajibisha serikali kumpa bure kila mwanafunzi wa kike wa shule ya umma aliyevunja ungo taulo za kike za kutosha na zenye ubora. Basi sheria ilikuwapo kwa miaka miwili, na bado mtoto yule aliketi darasani bila kitambaa. Ni vema tujiulize ilikuwaje, na tutazame majirani zetu wengine wamelishughulikia vipi jambo hilo hilo.

Hapana shaka baadhi yenu, hasa ndugu zetu wanaume mnaotusikiliza makambini na vituoni, mtauliza: hedhi ya wanawake yamhusu nini askari? Yamhusu kwa njia nne. Kwanza, askari ni mzazi. Mshahara wake ndio unaonunua, au usionunua, mahitaji ya binti zake. Pili, wamo wanawake katika majeshi yetu, wanaokesha lindoni, wanaotembea masafa marefu katika mazoezi, na wanaoishi katika mahema pamoja na wenzao wa kiume. Tatu, askari polisi ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha mahabusu, na mwanamke aliyewekwa humo hana pengine pa kuomba msaada ila kwake. Nne, maafa yanapotokea, au wakimbizi wanapovuka mpaka usiku, watu wa kwanza kuwapokea mara nyingi ni watu wenye sare. Kwa hiyo jambo hili lahusu nidhamu, afya na wajibu wa kazi, na ndivyo tutakavyolizungumza.

Hedhi si ugonjwa wala si uchafu. Ni damu inayotoka katika mji wa mimba kila mwezi pale ambapo mimba haikutunga. Kwa kawaida huchukua siku mbili hadi saba, na hurudi kila baada ya siku 21 hadi 35. Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno lao la kitambaa ambacho mwanamke alijistiri nacho katika siku hizo: waliita sodo. Leo nchini Kenya neno hilo hutumika hata kwa taulo za dukani zinazotumiwa mara moja zikatupwa, bali asili yake ni kitambaa. Basi anayesema kwamba sodo ya kitambaa ni uzushi wa wageni, na ajue kuwa lugha yetu yenyewe yamsuta. Kilichobadilika ni namna ya kukishona na kukitunza.

Na kwa nini watu wanakirudia kitambaa, ilhali madukani taulo za kutupa zimejaa? Sababu ya kwanza ni hesabu. Chukua mwanamke anayebadili mara nne kwa siku, kwa siku tano. Atahitaji vipande 20 kila mwezi, yaani vipande 240 kwa mwaka. Kwa kuwa pakiti moja kwa kawaida huwa na vipande vinane au kumi, hizo ni pakiti 24 hadi 30. Nyumba yenye mama mmoja na mabinti wawili waliokwisha kuvunja ungo itahitaji vipande 720 kwa mwaka. Kila msikilizaji anaweza kuchukua bei ya duka la jirani yake akazidisha. Taulo ya kitambaa iliyoshonwa vizuri, kwa upande mwingine, hufuliwa na kutumika tena kwa mwaka mmoja na zaidi.

Sababu ya pili ni takataka. Taulo nyingi za kutupa zina plastiki ndani yake. Zikitupwa chooni haziozi. Hulijaza shimo kabla ya wakati wake, na mahali penye choo cha maji huziba mabomba. Kamanda yeyote aliyewahi kusimamia kambi yenye watu mamia anaijua taabu ya choo kilichojaa.

Sasa tuwatazame majirani.

Kenya ilichagua njia ya taulo za kutupa zinazotolewa na serikali. Mwaka 2004 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika taulo za kike, ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo. Mwaka 2011 ikaanza kutenga fedha katika bajeti ili wanafunzi wa kike wapewe bure. Kisha ikaja sheria ile ya mwaka 2017. Nia hiyo ni njema na yastahili sifa. Lakini kitu kinachotumiwa mara moja kikaisha sharti kiletwe tena mwezi ujao, na mwezi utakaofuata, katika kila shule, iwe ya mjini au ya nyikani. Gari likichelewa, au fungu la fedha likipungua, mtoto hana akiba. Hedhi haingojei gari la serikali.

Tena yako mambo ambayo taulo peke yake haiwezi kuyafanya. Katika kaunti ya Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, ulifanyika katika nusu ya pili ya miaka ya 2010 utafiti mkubwa katika shule za msingi 140. Shule nyingine zilipewa taulo za kutupa, nyingine zilipewa mafunzo juu ya mwili na uzazi, nyingine zikapewa vyote viwili, na nyingine hazikupewa kitu hadi utafiti ulipokwisha. Watafiti hawakuona kwamba taulo ziliongeza mahudhurio ya wasichana darasani. Mafunzo, hata hivyo, yaliongeza maarifa ya wasichana na kubadili namna walivyoyatazama mambo ya mwili wao.

Uganda ilipita njia nyingine. Kule, msukumo haukutoka sana katika hazina ya serikali. Wakati wa kampeni za uchaguzi wa mwaka 2016 wasichana wa shule waliahidiwa taulo, lakini mwezi wa Februari mwaka 2017 Waziri wa Elimu alilieleza Bunge kwamba fedha za kazi hiyo hazikuwapo. Huku nyuma, cherehani zilikuwa zimekwisha kuanza kulia. Mnamo mwaka 2010, katika eneo la Masaka, kusini magharibi ya Kampala, ilianza kampuni iitwayo AFRIpads, ambayo kazi yake ni kushona taulo za kitambaa za kufua, na ambayo wafanyakazi wake wengi ni wanawake. Taulo hizo zilienea katika shule na katika makazi ya wakimbizi. Shirika la Viwango la Uganda nalo likaweka kiwango rasmi cha taulo za kufua, ili mnunuzi ajue anachokinunua.

Tueleze kidogo jinsi taulo hiyo ilivyo, kwa kuwa wengi wenu hamjapata kuiona. Ina tabaka tatu. Tabaka la juu, linalogusa mwili, ni kitambaa laini. Tabaka la katikati, au matabaka kadhaa yaliyoshonwa pamoja, ni kitambaa kinene kinachonyonya, mfano wa kitambaa cha taulo ya kuogea. Tabaka la chini ni kitambaa kilichopakwa plastiki nyembamba isiyopitisha maji, kuizuia damu isifike kwenye nguo. Pembeni yapo mabawa mawili yanayokunjwa chini ya chupi na kufungwa kwa kifungo, ili taulo isihame mtu anapotembea, anapokimbia au anapopiga kwata. Fundi mwenye cherehani ya kawaida anaweza kuishona, ingawa tabaka la chini lahitaji kitambaa cha namna yake, ambacho hakipatikani katika kila duka.

Katika wilaya ya Kamuli, mashariki ya Uganda, taulo hizo za kufua zilifanyiwa utafiti katika shule nane za msingi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016. Shule ziligawanywa katika mafungu manne: fungu la taulo, fungu la mafunzo, fungu la taulo pamoja na mafunzo, na fungu lisilopewa kitu. Kadiri wasichana walivyokua, mahudhurio yao yalishuka katika shule zote. Lakini katika shule zisizopewa kitu yalishuka zaidi, kwa tofauti ya kiasi cha asilimia 17. Shule zilikuwa chache, na wasichana wengi hawakupatikana tena hadi mwisho wa utafiti. Kwa hiyo hatuwezi kuyachukua matokeo hayo kama neno la mwisho. Jambo la kuzingatia ni kwamba shule zilizopewa mafunzo tu hazikuwa nyuma ya zile zilizopewa taulo. Maana yake ni kuwa kumweleza mtoto na wenzake ukweli kuhusu hedhi kuna faida yake hata kabla ya kumpa kitambaa.

Utafiti wa Kilifi na ule wa Kamuli haukuleta jibu moja kuhusu mahudhurio. Lakini zote mbili zaonyesha kuwa kugawa vifaa ni sehemu tu ya kazi. Na kwa taulo ya kufua, sehemu iliyobaki ni kubwa zaidi, kwa sababu taulo hiyo yataka matunzo.

Ndugu Wasikilizaji, kila askari anajua kwamba bunduki haitolewi ghalani peke yake. Hutolewa pamoja na mafuta na kitambaa cha kuisafishia, na askari hufundishwa namna ya kuifungua, kuifuta na kuikagua. Bunduki isiyosafishwa humgeuka mwenyewe. Taulo ya kitambaa nayo ina utaratibu wake, na utaratibu huo si mgumu.

Taulo hubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita, au mapema zaidi damu ikiwa nyingi. Iliyotumika hulowekwa katika maji ya baridi. Maji ya moto hayafai, kwani huigandisha damu katika nyuzi za kitambaa na kuacha doa lisilotoka. Kisha hufuliwa kwa sabuni na kusuuzwa mpaka maji yatoke meupe. Sabuni isiyosuuzwa vizuri huweza kuleta muwasho. Baada ya hapo huanikwa juani, nje, mahali penye hewa, hata ikauke kabisa. Taulo yenye tabaka la plastiki haichemshwi wala haipigwi pasi, maana joto kali huliharibu tabaka hilo. Siku za mvua itahitaji muda mrefu zaidi kukauka, na ndiyo sababu mtu ahitaji kuwa na akiba. Seti ndogo huwa na taulo tatu au nne. Mwenye hedhi nzito, au akaaye mahali pa mvua nyingi, ahitaji zaidi. Zikikauka huwekwa katika mfuko safi. Na kila mtu awe na zake, taulo haziazimwi.

Katika utaratibu wote huo, hatua inayovunjwa zaidi ni ile ya jua. Si kwamba jua limekosekana katika nchi zetu. Mwanamke huogopa kuianika taulo yake kwenye kamba mbele ya macho ya watu, hasa wanaume. Kwa hiyo huificha chini ya godoro, nyuma ya sanduku, au chini ya nguo nyingine iliyo majimaji. Huko haikauki. Kesho yake huivaa ikiwa na unyevu, na unyevu huo huweza kuleta harufu, muwasho na maambukizo. Kisha watu husema kitambaa ni kibaya. Kitambaa hakina kosa. Kosa ni la aibu iliyokinyima jua. Wahenga walinena, mficha uchi hazai. Jamii inayokificha kilicho cha lazima hujinyima yenyewe faida yake.

Hatua nyingine ni maji. Ni lazima tuseme wazi kwamba mahali ambapo ndoo moja ya maji hutafutwa kwa saa mbili, taulo ya kufua haiwezi kuwa jibu pekee. Huko itabidi zitumike za kutupa, au maji yapelekwe kwanza. Asimhadae mtu mwenzake kwa kumpa taulo nne za kitambaa na kumwacha bila maji, bila sabuni na bila mahali pa faragha.

Mfano mzuri wa kulitambua hilo ulitoka Burundi. Kati ya mwaka 2012 na mwaka 2013, katika kambi ya wakimbizi ya Bwagiriza, mashariki ya nchi hiyo, Chama cha Msalaba Mwekundu kilijaribu namna ya kuwasaidia wanawake na wasichana kambini. Wengine walipewa taulo za kutupa, wengine za kufua. Lakini waliopewa za kufua hawakupewa taulo peke yake. Walipewa pia chupi, sabuni na ndoo, pamoja na maelezo ya matumizi. Waandaaji walifahamu kwamba mtu aliyekimbia na kanga moja mabegani hana ndoo ya pili ya kutenga kwa kazi hiyo. Nasi tunapokumbuka kwamba mkoa wetu wa Kigoma umepokea kwa miaka mingi wakimbizi kutoka Burundi na Congo, na kwamba kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, twaona kuwa funzo hilo halikutoka mbali.

Kuna somo jingine ambalo sisi wenyewe tumewapa jirani zetu, nalo lahusu bei. Katika bajeti ya mwaka 2018/19, Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika taulo za kike, ambayo ni asilimia 18. Mwaka uliofuata, kodi hiyo ikarudishwa. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alieleza kwamba bei dukani haikushuka kama ilivyotarajiwa, na kwamba walionufaika ni wafanyabiashara. Mwezi wa Desemba wa mwaka huo huo wa 2019, Rwanda nayo iliondoa kodi hiyo kwake. Yatokana na hayo kwamba msamaha wa kodi ni kitu kimoja, na kumfikia binti wa kijijini ni kitu kingine. Kati yao yupo muuzaji wa jumla, yupo mwenye gari, na yupo mwenye duka. Taulo idumuyo mwaka mzima humwondolea mnunuzi haja ya kurudi kwa watu hao kila mwezi.

Na sasa, ndugu zangu wa Jeshi la Polisi, liko jambo zito ambalo haifai kulipitia juu juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa vijijini magharibi ya Kenya, uliwahoji wanawake na wasichana zaidi ya 3,000. Miongoni mwa wasichana wa umri wa miaka 15, kiasi cha asilimia 10 walikiri kwamba walikutana kimwili na wanaume ili wapate fedha za kununulia sodo. Mtoto mmoja katika kila kumi! Nchini Kenya, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 yamhesabu mtu afanyaye hivyo na mtoto chini ya miaka 18 kuwa mhalifu. Kwetu Tanzania, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 nayo ilikuja kumlinda mtoto huyo. Mwanamume anayempa binti wa shule pakiti ya taulo kwa kubadilishana na mwili wake hakumpa zawadi. Ametenda kosa la jinai, na askari anayelipuuza jambo hilo kwa kusema "hayo ni mambo yao" amemwacha mhalifu apite mbele ya macho yake. Nyumba ambamo binti ana taulo zake sita, sabuni yake na kamba yake ya kuanikia, imemfungia mhalifu huyo mlango mmoja.

Wajibu wa pili wa polisi ni mahabusu. Mwezi wa Desemba mwaka 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni juu ya wanawake walio vifungoni, zijulikanazo kwa jina la Kanuni za Bangkok. Kanuni ya 5 yataka wanawake hao wapatiwe mahitaji yao ya usafi, pamoja na taulo za kike bila malipo, na maji ya kutosha nyakati zote. Mwanamke aliyeletwa kituoni usiku kwa tuhuma yoyote ile hajahukumiwa, na hata angekuwa amehukumiwa, hakuna adhabu katika sheria iitwayo kuketi katika damu. Kituo chenye pakiti chache kabatini, ndoo yenye mfuniko na kipande cha sabuni kimetimiza neno hilo. Kwa kuwa mahabusu hukaa muda mfupi na hana mahali pa kuanika, hapo taulo ya kutupa ndiyo ifaayo. Kila kifaa na mahali pake.

Kwa ndugu zetu wa majeshi, neno letu lahusu kambi. Mwanamke askari aliye katika mazoezi ya majuma kadhaa porini hawezi kubeba pakiti za miezi mitatu mgongoni, wala haifai aombe ruhusa ya kwenda dukani. Taulo za kufua zaweza kumfaa sana, mradi kambi imempa mambo manne: maji ya kufulia, sabuni, choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani, na kamba ya kuanikia iliyo juani lakini iliyozungukwa na uzio. Uzio huo si lazima uwe wa bati. Makuti yatosha, au turubai lililofungwa juu ya miti minne, mradi juu pawe wazi jua lipite. Ni kazi ya saa moja kwa askari wawili. Lakini sharti iamriwe na kamanda, kwa sababu kisichoamriwa kambini hakifanyiki, na askari mwenyewe ataona haya kukiomba. Na kamanda akisikia kijana katika kikosi chake anamcheka mwenzake kwa jambo hili, na amwadhibu kama anavyomwadhibu aliyeitelekeza silaha, maana kote kuwili ni kumdhoofisha mwenzako aliye pamoja nawe kazini.

Tumalize pale tulipoanzia. Mtoto yule wa Bomet hakukosa kitambaa tu. Alikosa pia mtu mzima mmoja wa kumwambia kwamba lililompata ni jambo la kawaida, kumpa kanga ajifunge kiunoni, na kumpeleka pembeni kwa heshima. Sheria ilikuwapo, bajeti ilikuwapo, lakini mtu huyo hakuwapo katika chumba kile siku ile.

Ndugu Askari, utakapokwenda likizo safari hii, ukiwa na binti nyumbani, usimwachie mama yake peke yake mzigo huu. Wazee wetu walikuwa na kungwi na somo wa kuwafunza wali, na baba hakuingilia; lakini wengi wetu sasa twaishi mbali na makungwi, katika nyumba za kambi na za mjini. Si lazima baba aseme mengi. Inatosha anunue kitambaa na sabuni, akaze kamba nyuma ya nyumba mahali penye jua, na awaambie wanawe wa kiume mbele ya dada yao kwamba kitakachoanikwa pale si kitu cha kuchekwa. Binti atayakumbuka maneno hayo siku atakayoyahitaji.